Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zote mnazoniamkia nikipita kwenye chanja zenu. Nimefundisha darasa la kwanza hadi nikastaafu, na kinachonisumbua ni hiki: watoto wetu wadogo hawasemeshwi vya kutosha.

Najua kazi ilivyo. Dagaa wakinyeshewa hasara ni yenu, ndiyo maana mtoto anapewa simu aangalie katuni atulie. Lakini simu haimjibu. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Patricia Kuhl, na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa miezi tisa kutoka nyumba za Kiingereza. Waliochezeshwa na watu wanaozungumza Kichina walianza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wenzao waliooneshwa hayo hayo kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Mtoto mchanga hujifunza kwa mtu anayemtazama usoni na kupokezana naye. Akisema "ba", mwitikie: "Baba? Baba yuko ziwani." Hayo ni mazungumzo kamili, na mikono yako inaendelea kuanika.

Msemesheni kwa lugha mnayoimudu. Nasikitika ninaposikia mama anayejua Kiha kitamu akihangaika na Kiingereza cha maneno matano, eti mtoto asichelewe. Mtoto anamudu lugha mbili pamoja, Kiha cha nyumbani na Kiswahili cha mwaloni. Akizichanganya msimcheke, atazitenganisha mwenyewe.

Sasa niseme juu ya kufikiri. Juzi nilimkuta binti wa miaka kama minne kando ya chanja, anachambua samaki: "Huyu dagaa. Huyu dagaa. Huyu... mgebuka mdogo, kaa huku." Dada yake akamkaripia, "Unaongea na nani?" Jamani, mwacheni! Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anayejisemesha hivyo anaiongoza kazi yake kwa maneno. Akikua, sauti hiyo hupungua, ikawa mnong'ono, kisha ikaingia ndani na kuwa njia yake ya kufikiri. Ukimnyamazisha unamkatiza katikati ya kazi. Afadhali umuulize, "Umejuaje kwamba huyu ni mgebuka?" Halafu ungoje. Kungoja ndiko kunakotushinda, tunamjibia kabla hajafungua mdomo. Darasani nilikuwa nawatambua mapema waliozoea kuulizwa nyumbani: hata wakikosea, walikuwa na sababu ya kutoa.

Akina baba, msidhani haya ni ya wanawake tu. Siku za mbalamwezi hamwendi kuvua, mnashinda nchi kavu. Mketi na mwanao wakati unashona nyavu. Mwambie kwa nini dagaa hufuata taa, mtegee vitendawili, naye akutegee vyake hata kama havina kichwa wala miguu.

Jambo la mwisho, na hili msilicheleweshe. Mtoto akikaribia mwaka hageuki ukimwita, au hatoi sauti zozote za "ba-ba" na "ma-ma", mpelekeni kliniki masikio yapimwe. Msikubali kuambiwa "atasema tu, hata baba yake alichelewa." Huenda hasikii, na kila mwezi unaopita bila msaada unamnyima maneno.

Ni mimi bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kibirizi