Kodi ya mnada wa mtandaoni ielezwe mapema

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi. Majuzi nilishinda mnada wa mtandaoni: mashine ya ovaloki iliyotumika, dola 140, ipelekwe kwenye ghala la wakala wa kusafirisha mizigo huko New Jersey, Marekani. Nilipofika kulipa nikakuta dola 9 na senti 28 zimeongezeka. Ni kodi yao ya mauzo, asilimia 6.625, na hufuata mahali mzigo unapopokelewa. Ghala lingekuwa Delaware, jimbo lisilotoza kodi hiyo, nisingelipa hata senti.

Hiyo niliikubali. Kinachoniuma ni huku kwetu. Wakala alinipa kikaratasi chenye mstari mmoja wa kalamu ya risasi: "kodi na gharama". Nikamuuliza, ushuru ni kiasi gani, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kiasi gani? Akanijibu, "Mama, lipa uchukue mzigo."

VAT yetu ya asilimia 18 haihesabiwi kwa bei ya mnada pekee. Nauli, bima na ushuru wa forodha huingizwa kwanza. Mteja aoneshwe hesabu hiyo kabla hajaweka dau. Mawakala, tupeni mchanganuo, pamoja na stakabadhi ya forodha.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi