Turbini nazo ni turathi

Mhariri,

Kila yanapotajwa mambo ya turathi hapa Mombasa, mazungumzo huishia Ngome ya Yesu na milango ya Mji wa Kale. Sipingi, Ngome iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2011 na yastahili. Lakini mimi nimesomesha watoto kwa mshahara wa turbini za mvuke, mitambo ambayo mapanga yake husukumwa na mvuke ili kufua umeme, pale kituo cha umeme cha Kipevu, nami nauliza: sisi watu wa vyuma hatuna historia?

Tazameni Berlin. Mtaa wa Moabit kuna karakana ya turbini iliyojengwa na kampuni ya umeme ya AEG mwaka 1909. Aliyeichora, Peter Behrens, alianza maisha akichora picha. Hesabu za vyuma alifanya mhandisi Karl Bernhard. Ubavu wa jengo ni vioo, mwanga unamwagika juu ya kazi ya fundi. Nguzo za chuma zimekaa juu ya bawaba nene ambazo hazikufichwa, mpita njia anaziona. Sisi tungezipiga plasta. Jengo lilianza kulindwa kisheria mwaka 1956, na mpaka leo turbini za gesi zaundwa humo humo.

Kwetu, umeme ulianza mwaka 1908, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alipoileta Mombasa jenereta iliyowasha taa za kasri ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1922 kampuni ya hapa ikaungana na ya Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting. Kipevu tukafua umeme kwa mvuke, kisha mwaka 1999 ikaja mitambo ya dizeli. Muulize mwanafunzi wa Changamwe, atakutumbulia macho tu.

Na turbini si jenereta ya dukani. Ukiizima ingali moto ukaiacha itulie, shafti hupinda. Sharti uizungushe polepole mpaka ipoe. Kuna wazee waliojua hali ya beringi kwa kutega sikio kwenye mpini wa bisibisi. Wanatutoka mmoja mmoja.

Reli ina makumbusho yake Nairobi tangu mwaka 1971. Makumbusho ya Taifa na kaunti watutengee banda moja: rota, yaani sehemu ya turbini inayozunguka, yenye mapanga yake, meza ya swichi, na mzee wa kueleza. Na wenye daftari za shifti za zamani majumbani, tafadhalini, msiwape wauza njugu wafungie.

Fundi mstaafu,
Changamwe, Mombasa