YAH: MALALAMIKO KUHUSU GARI LENU KUVURUGA MAWINDO YA SIMBA SERENGETI

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari za Picha,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha wa wanyamapori, mkazi wa Mwanza. Mwezi Juni nililipia kwenu safari ya picha upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Tangazo lenu liliahidi watu watatu kwa gari, kila mmoja na dirisha lake. Pale lango la Ndabaka tukajikuta sita. Hilo nililivumilia. Lililonifanya niandike ni la asubuhi moja karibu na mto Grumeti.

Simba majike watatu walikuwa wakiwanyatia nyumbu waliokuwa wanashuka kunywa maji. Aliyekuwa karibu nasi alikuwa amejibana kwenye nyasi, tumbo linagusa ardhi, masikio ameyalaza. Nyumbu akiinamisha kichwa, yeye anasogea hatua mbili. Nyumbu akiinua, anaganda na mguu ukiwa bado hewani. Simba hana mbio za kudumu. Asipofika mita 30 hivi kabla ya kuchomoka, mara nyingi anakosa, na hata akifika bado hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Kule kunyatia ndiko nilikokuja kupiga picha, si mzoga. Lenzi ilikuwa imetulia juu ya mfuko wa maharage wa kuegemezea kamera, injini imezimwa, jua liko mgongoni kwetu.

Ndipo dereva wenu alipotangaza kwenye redio koli mahali tulipo. Magari yakaanza kumiminika. Alipoona tutazibwa, akawasha injini, akaacha barabara, akakata nyasi mpaka katikati ya simba na nyumbu. Nyumbu wa mbele akakoroma, kundi zima likatimka. Simba yule akasimama, na chuchu zake zilionyesha wazi kwamba ananyonyesha. Akaondoka na wenzake bila kitu.

Ndani ya Serengeti ni marufuku kuacha barabara kumfuata mnyama. Nilipomkumbusha, dereva alijibu kwamba Ndutu watu wanafanya. Ndutu anakokusema iko Ngorongoro, yenye mamlaka na taratibu zake. Pale Grumeti tulipokuwa ni ndani ya hifadhi, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Halafu ule udongo mweusi wa magharibi, tairi likishauchimba ukiwa na unyevu, alama haifutiki upesi, na dereva wa kesho anaifuata akidhani ni njia.

Simtupii dereva mzigo wote. Alituambia mwenyewe kwamba ofisini anaulizwa kama wageni wamepata simba wa karibu, na kwamba asipowapatia, bakshishi inapungua na safari inayofuata anapewa mwingine. Mtu anayeishi kwa utaratibu huo atakata nyasi tu. Utaratibu ni wenu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki iliyofuata mliweka kwenye ukurasa wenu picha ya asubuhi ileile, simba amezungukwa na magari, kama kivutio cha kuuzia safari. Mnawafundisha wageni wapya kudai kosa lilelile.

Naomba mnirudishie nusu ya fedha niliyolipa, kwa kuwa ahadi ya watu watatu kwa gari haikutimizwa na mawindo niliyoyafuata yaliharibiwa na gari lenu. Naomba pia muiondoe picha hiyo, na muwaandikie madereva wenu kwamba hakuna atakayepunguziwa safari kwa kukataa kuacha barabara. Waraka huo nitaomba nakala yake.

Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitapeleka suala la gari kuacha barabara kwa uongozi wa hifadhi, pamoja na picha zinazoonyesha namba za gari, na suala la tangazo lenu kwa Tume ya Ushindani.

Wenu mteja,
Mpiga picha, Mwanza