Barua kwa Mwanangu Neema: Ulimi Unapobadilishana Maneno

Mpendwa binti yangu Neema,

Nakusalimu kwa upendo, na mama yako pamoja na bibi wanakusalimu sana. Barua yako tuliipokea tukaisoma pamoja, kisha nikairudia peke yangu, kwa sababu nilitaka kuelewa ni kitu gani hasa kilichokuumiza. Umeeleza kwamba ukiwa katikati ya somo la Vita vya Maji Maji, mbele ya wanafunzi wa darasa la sita na mwalimu aliyekuja kukutathmini, ulisema kuwa Kinjekitile aliwapa Wajerumani maji ili risasi za wapiganaji zisiwadhuru, ilhali ulikusudia kusema kuwa aliwapa wapiganaji maji ili risasi za Wajerumani zisiwadhuru. Darasa likacheka, na tangu siku hiyo unasoma kila sentensi kutoka kwenye andalio la somo, huinui macho, na unajiuliza kama kweli ualimu ni kazi yako. Umeongeza jambo jingine kwa mstari mmoja tu, nami naona ndilo linalokunyima usingizi: unaogopa kwamba ulimi wako umeanza kufuata njia ya ulimi wa babu.

La babu nitalijibu. Kwanza tulitazame kosa lenyewe, kwa maana nimefundisha isimu kwa miaka mingi na kosa la namna hii nalifahamu vizuri.

Tazama ni nini kilichohama. Nomino mbili zilibadilishana nafasi, basi. Kitenzi kilibaki mahali pake, viambishi vyote vikawa sahihi, na ule umilikishi wa "risasi za" ukapata nomino yake. Tena neno lililotangulia kutoka kinywani, "Wajerumani", lilikuwa la mwisho katika mpango wako, jambo linaloonyesha kwamba ulipofungua kinywa sentensi nzima ilikuwa tayari imeshajengeka akilini, mwanzo wake na mwisho wake. Mtu asiyelijua somo hawezi kukosea hivyo. Asiyejua angesita, angeruka jina la Kinjekitile, au angesema vita vilianza mwaka mwingine. Wewe ulikuwa na kila kitu mkononi, ila vitu viwili vya aina moja vikapishana mlangoni.

Hata nyumbani umeyasikia makosa kama hayo tangu utotoni. Mtu huambiwa aweke jiko juu ya sufuria, naye huenda akaweka sufuria juu ya jiko bila kuuliza lolote, kwa sababu msikilizaji naye hurekebisha akilini mwake. Lililonivutia kuliko yote ni lile la shangazi yako, aliyetaka kusema "funga mlango, mbwa asitoke", akasema "funga mbwa, mlango usitoke". Zingatia kiambishi. Hakusema "mlango asitoke". Nomino zilipobadilishana nafasi, upatanisho ukafuata nomino mpya iliyokaa pale, na mbwa wa ngeli ya A-WA akaondoka na "a" yake, huku mlango ukija na "u" wake. Maana yake ni kwamba akili hupanga nomino kwanza, kisha huvivika vitenzi viambishi vinavyostahili, na kazi zote hizo hufanyika kabla shangazi hajapata hata nafasi ya kuvuta pumzi. Katika sentensi yako hilo halikuonekana kwa kuwa Wajerumani na wapiganaji wote ni wa ngeli moja.

Wataalamu wameyakusanya makosa haya kwa muda mrefu. Mwaka 1895 Rudolf Meringer, mwanaisimu wa Vienna, alichapisha pamoja na daktari Karl Mayer mkusanyo mkubwa wa watu walivyoteleza ulimi katika mazungumzo ya kawaida, wengi wao wakiwa wasomi wenzake. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Victoria Fromkin alikusanya mengine mengi, na katika makala yake ya mwaka 1971 akaonyesha kwamba hayatokei ovyo: nomino kwa kawaida hubadilishana na nomino, kitenzi na kitenzi, na sauti ya mwanzo wa neno huhamia mwanzo wa neno jingine. Chuo cha New College cha Oxford kiliwahi kuongozwa, kuanzia mwaka 1903 hadi 1924, na kasisi William Archibald Spooner, ambaye alisifika kwa kubadilisha sauti za maneno kiasi kwamba Waingereza waliliita kosa hilo kwa jina lake. Mengi ya makosa anayohusishwa nayo yalitungwa na wanafunzi waliopenda kucheka, lakini pamoja na vicheko hivyo aliongoza chuo kwa zaidi ya miaka 20. Nakuomba ulikumbuke hilo unapojiuliza kama mwalimu aliyechekwa anaweza kuendelea kufundisha.

Ukizingatia kazi yenyewe, ajabu ni kwamba hatutelezi mara nyingi zaidi. Katika sekunde moja tunatamka silabi kama nne hadi saba, na katika Kiswahili neno moja kama "hatujawaambia" linabeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. Kila neno huchaguliwa kutoka katika maelfu kwa maelfu tunayoyajua, na yale yaliyo karibu kimaana huamka pamoja nalo. Ndiyo sababu mtu husema "jana" akikusudia "kesho", au "kulia" akikusudia "kushoto", wala hasemi "ndizi" akikusudia "kesho". Uchovu, haraka na macho ya mtu anayekutathmini huongeza uwezekano wa kuteleza, na siku ile ulikuwa na vyote vitatu.

Bibi yako anapokuita kwa majina ya shangazi zako wawili kabla hajalifikia la kwako, hilo nalo ni la jamii hiyohiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha mwaka 2016 matokeo yanayoonyesha kwamba watu hubadilisha majina ndani ya kundi moja: jina la mwana huitwa mwana mwingine, la rafiki huitwa rafiki mwingine. Bibi hajawahi kukuita kwa jina la jirani, na sababu ni kwamba moyoni mwake umekaa pamoja na wanawe. Na pale anapokwama kabisa, akasema jina analijua na liko kwenye ncha ya ulimi, mwamini, kweli analijua. Roger Brown na David McNeill wa Harvard walilichunguza jambo hilo mwaka 1966 kwa kuwasomea wanafunzi maana za maneno adimu, wakaona kwamba aliyekwama mara nyingi aliweza kutaja herufi ya kwanza ya neno au idadi ya silabi zake. Kadiri umri unavyosogea hali hiyo huongezeka, na majina ya watu ndiyo husumbua zaidi. Usimwonee huruma ya kupita kiasi wala usimkatize. Mpe nafasi alitafute.

Sasa la babu. Siku babu alipougua ulikuwa bado mdogo, na nadhani hatukukueleza vya kutosha. Babu hakubadilisha maneno mawili katika sentensi akajirekebisha. Aliamka asubuhi akizungumza kwa wingi na kwa lafudhi yake ileile, lakini maneno hayakuwa na maana, na yeye mwenyewe alitushangaa tulivyokuwa hatumwelewi. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja na mkono wa kulia ulikuwa mzito. Kile kilikuwa kiharusi, na kilikuwa kimeshika upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaoshughulikia lugha na ndio unaoongoza mkono wa kulia. Mwaka 1861 Paul Broca, daktari wa Ufaransa, alimweleza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka karibu silabi moja tu, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Na mwaka 1874 Carl Wernicke wa Ujerumani akaeleza hali ya wale wanaotiririsha maneno yasiyoeleweka, kama babu. Hayo ni majeraha ya ubongo, na dalili yake kuu ni kuja kwa ghafla na kubaki.

Basi hili ulishike, maana linaweza kuokoa maisha ya mtu: ukimwona mtu mzima ambaye ghafla maneno yanamvurugika, mdomo umepinda au mkono umelegea, usimwache alale ukidhani amechoka, na usianze kutafuta mtu wa kumkanda. Mpeleke hospitali mara moja, na ukumbuke ni wakati gani alionekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna damu inayovuja. Wewe hukuwa na lolote kati ya hayo. Uliposikia kicheko ulijua papo hapo ulichosema, ukakirekebisha. Sikio lililolikamata kosa lako ni ushahidi kwamba lugha yako ni nzima.

Sasa niruhusu nikuambie jambo ambalo hukulitarajia, na ninalisema kwa sababu nakuheshimu kama mwalimu. Katika barua yako kuna maneno mawili uliyoyachanganya bila kuona haya yoyote, kwa kuwa hukujua kwamba umeyachanganya. Umeandika kwamba mwalimu alifika wakati "unawakilisha" mada. Mada huwasilishwa. Kuwakilisha ni kusimama badala ya mtu, na ndani yake yumo wakili. Kuwasilisha ni kukifikisha kitu, na ndani yake kuna kuwasili. Tena umeandika kuhusu maandalizi ya "kuazimisha" sikukuu ya Uhuru, ambapo sikukuu huadhimishwa, na kuazimisha ni kumpa mtu kitu atakachorudisha. Makosa haya ni ya namna nyingine kabisa. Hayatokani na ulimi kuteleza, yamo katika akiba yako ya maneno, na yatajirudia kila siku mpaka uyaondoe mwenyewe. Mwanafunzi akiyasikia hacheki, huyaandika kwenye daftari. Hayo ndiyo ningependa yakukoseshe raha kidogo, na lile la Kinjekitile uliache lipite.

Dawa yake ni kamusi na masikio. Kila unapoona maneno mawili yanafanana, kama hafla na ghafla, au hadhira na hadhara, au thamani na dhamana, yafungulie kamusi yote mawili, kisha uyatumie katika sentensi zako mwenyewe hadi yaachane.

Darasani utakutana na jambo lililo karibu na hili. Wapo watoto watakaosoma "mahari" mahali palipoandikwa "mahali", au watakaosema wanakwenda kupiga "kula". Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r. Kikuyu, kwa mfano, hakina kabisa sauti l. Mtoto aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo huanza shule akiwa na sikio lisilozisikia kama sauti mbili, na kumcheka hakumfundishi kuzisikia. Yarudie maneno mawili kwa jozi, polepole, mbele ya darasa zima bila kumtaja mtu, halafu waambie wachore picha ya kila moja. Lakini kwanza zuia kicheko. Wewe mwenyewe umekionja na unajua kinavyomfanya mtu afunge kinywa.

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na nilisikia sauti ya methali hiyo katika barua yako, ingawa hukuiandika. Sidhani kuwa walimlenga mtu aliyebadilishana nomino. Waliyemwonya ni yule anayetoa siri ya watu, anayetukana akiwa na hasira, anayeahidi asichoweza. Neno la namna hiyo ukishalitoa halirudi. Lako lilirudi kabla wanafunzi hawajamaliza kucheka.

Kwa hiyo usiendelee kusoma kutoka kwenye andalio. Mwalimu anayesoma hatelezi, lakini pia haoni nani ameelewa na nani amesinzia. Ukiteleza tena, na utateleza, sema "nirudie", irudie sentensi nzima kutoka mwanzo kwa sauti ya kawaida, kisha uendelee. Usiombe radhi mara tatu.

Jumatatu ningependa uanzie palepale ulipoishia. Andika ubaoni sentensi mbili, ile uliyoisema na ile uliyokusudia, uwaulize wanafunzi ipi ni ya kweli na wajuaje. Watalazimika kukueleza kwamba Kinjekitile alikuwa Ngarambe, kwamba wapiganaji ndio waliokunywa na kupakwa maji yale, kwamba mwaka 1905 watu wa Umatumbi walianza kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na kwamba bunduki zilikuwa za Wajerumani. Andalio la somo hilo nitumie kabla ya Ijumaa nilipitie, na pembeni uniwekee maneno yote uliyokuwa na shaka nayo wakati wa kuliandika.

Ni mimi baba yako mpenzi.