Mwongozaji wa kitabu cha sauti hufanya nini, na kwa nini haturekodi bila yeye

Waandishi wengi wanaojichapishia vitabu hutujia na bajeti yenye vitu viwili: studio na msomaji. Kitu cha tatu, yaani mwongozaji, ndicho hukatwa kwanza fedha zikipungua. Hoja yenyewe inaeleweka. Msomaji anajua Kiswahili, ana sauti nzuri, muswada uko mbele yake. Mtu mwingine wa kukaa upande wa pili wa kioo ni wa nini? Tunajibu hapa kwa urefu, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kama kitabu chako kitasikilizwa hadi sura ya mwisho au kitaachwa kwenye ya pili.

Makosa ambayo msomaji mwenyewe hayasikii

Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na ukanushi wake kwenye silabi fupi za mwanzoni. Msomaji akianza kuchoka, silabi hizo ndizo hubadilika mdomoni. "Akaondoka" inakuwa "aliondoka". "Anasema" inakuwa "akasema". "Hawakumwona" inamezwa kichwa, msikilizaji anabaki na kitu kinachofanana na "wakamwona", na shahidi wa mauaji katika riwaya yako amegeuka kinyume. Vimilikishi navyo huteleza vivyo hivyo: "wake" kwa "wao", "yangu" kwa "yake".

Ubaya wa makosa haya ni kwamba sentensi inayotokea ni sahihi kisarufi. Haikwami ulimini, kwa hiyo msomaji hasimami. Mhariri wa sauti naye hawezi kuyaona kwa kutazama mawimbi kwenye skrini. Yanapatikana kwa njia moja tu: mtu wa pili ashike muswada, afuate neno kwa neno wakati sauti inatoka, na kazi yake wakati huo iwe hiyo tu. Fundi wa sauti hawezi kuibeba kazi hiyo kwa ukamilifu, maana macho yake yako kwenye vipimo.

Kisha kuna maswali. Kiswahili kinaweza kuuliza bila "je" na bila kubadilisha mpangilio wa maneno. "Umeongea na mama yako kuhusu ile ardhi ya Kibaha" na "Umeongea na mama yako kuhusu ile ardhi ya Kibaha?" hutofautishwa na kiimbo peke yake, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na alama ya kuuliza iko mwisho wa mstari, mahali ambapo jicho hufika sauti ikiwa imeshatoka kama taarifa. Vivyo hivyo mhusika anaposema maneno ishirini kisha mwandishi akamalizia "alinong'ona". Msomaji ameshayatamka kwa sauti ya kawaida. Ndiyo maana mwongozaji hupitia muswada kabla ya siku ya kwanza na kuweka alama mwanzoni mwa kila sentensi ya namna hii: mduara kwa swali, mstari wa mawimbi kwa mnong'ono, mshale kwa neno linalobeba mkazo wa maana. Maneno kama "barabara" nayo yawekewe alama, kwa sababu mkazo wake hutofautisha njia ya magari na jambo lililofanyika sawasawa.

Wiki moja kabla ya maikrofoni

Kazi kubwa ya mwongozaji hufanyika kabla ya kurekodi. Anasoma kitabu chote. Hasomi sura tatu za kwanza na muhtasari. Anasoma chote, kwa sababu mwandishi anaweza kutaja katika sura ya kumi na moja kwamba mzee fulani ana kigugumizi, wakati mzee huyo amekuwa akizungumza tangu sura ya pili.

Katika usomaji huo hutoka orodha mbili. Ya kwanza ni ya wahusika: umri, kwao ni wapi, anaongea haraka au taratibu, sauti ya juu au ya chini, ana uhusiano gani na msimulizi. Tukishakubaliana na msomaji, tunarekodi sampuli ya sekunde 20 kwa kila mhusika na kuihifadhi kwenye folda yake. Mhusika akirudi baada ya sura sita, msomaji anasikiliza sampuli kwanza. Bila folda hiyo bibi wa sura ya pili hurudi akiwa mwanamke mwingine kabisa, na msikilizaji aliye kwenye daladala hana ukurasa wa kurudi nyuma kuhakikisha.

Orodha ya pili ni ya matamshi. Majina ya watu na ya vijiji, hasa yatokayo katika lugha za Kinyakyusa, Kichaga, Kisukuma au Kijaluo, humtega msomaji asiye wa huko. Tunamwomba mwandishi atutumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp akiyataja moja baada ya jingine, polepole, kila moja mara mbili. Hapo hapo tunaamua kuhusu lafudhi. Msimulizi wetu hutamka "dhambi", "thelathini" na "ghali" kwa sauti zake kamili. Mhusika anaweza kusema "zambi" au "selasini" iwapo mwandishi amekusudia hivyo, na akishasema hivyo mara moja aendelee hivyo kitabu kizima. Lahaja ya Mvita tunampa mtu aliyekulia nayo. Lahaja ya kuigiza humfukuza msikilizaji wa Mombasa ndani ya dakika ya kwanza, naye ana haki.

Muswada nao hubadilishwa kidogo kwa ajili ya sikio. "K.m." na "n.k." huandikwa kwa kirefu. Miaka tunaamua mapema: 1964 isomwe "elfu moja mia tisa sitini na nne" au "sitini na nne"? Katika kumbukumbu za maisha zenye tarehe nyingi, njia ya kwanza huchosha baada ya kurasa chache, kwa hiyo tunashauri mwaka utajwe kamili mara ya kwanza katika sura, kisha ufupishwe. Majedwali hugeuzwa kuwa sentensi mbili au tatu. Tanbihi huingizwa ndani ya maelezo au huachwa. "Tazama picha iliyo hapo chini" huondolewa.

Mabadiliko haya yote mwandishi huyaidhinisha kwa maandishi, kisha muswada unafungwa. Baada ya hapo hakuna sentensi inayobadilishwa studioni. Tunasisitiza hili kwa sababu mwandishi akikaa kwenye chumba cha kurekodi kwa siku zote hujikuta anahariri kitabu upya, na saa za msomaji zinaisha. Tunamwalika kwa sura ya kwanza, atoe maoni yake kuhusu mwendo na wahusika, kisha anapokea sura zilizobaki kwa kusikiliza.

Ndani ya chumba

Kipindi kimoja cha kurekodi hakizidi saa tatu. Kila kipindi huanza kwa msomaji kusikiliza dakika mbili za mwisho za kipindi kilichopita, ili sauti ya leo ishikane na ya jana. Sauti ya asubuhi huwa nzito kuliko ya alasiri, hivyo tunapanga vipindi vyote vya kitabu kimoja saa zilezile. Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, pungufu kidogo ya shibiri, na pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isigonge moja kwa moja. Kiti na stendi huwekewa alama ya utepe sakafuni. Msomaji akisogea sentimita tano, msikilizaji mwenye hedifoni anajua.

Dar es Salaam ina kelele zake. Feni na kiyoyozi huzimwa wakati wa kurekodi, kwa hiyo chumba hupata joto na tunapumzika kila baada ya dakika 45 ili kukipooza. Ratiba hupangwa kuzunguka adhana. Mvua kwenye paa la bati husimamisha kila kitu, na kunguru wakitua karibu na dirisha tunangoja waondoke. Kuna programu za kupunguza kelele, lakini zikitumiwa kwa nguvu sauti hutoka kama mtu anazungumza ndani ya pipa. Ni heri kungoja dakika tano.

Kosa likitokea tunalirekebisha papo hapo. Fundi anarudisha sekunde tatu hadi tano nyuma, msomaji anajisikia kwenye hedifoni, anaingia mwanzoni mwa sentensi na kuendelea. Programu za kurekodi za Reaper na Audacity zote zinafanya hivi. Ni kazi ya sekunde chache. Kosa lile lile likigunduliwa wiki mbili baadaye, msomaji arudi, maikrofoni ipangwe pale pale, sauti yake ilingane na ya siku ile, kisha mhariri apachike kipande hicho bila kiungo kusikika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo ndio gharama ambayo mwandishi aliyekata mwongozaji huja kuilipa.

Mwongozaji husikiliza zaidi ya maneno. Uchovu huonekana mwisho wa sentensi: silabi ya mwisho inazama, mwendo unaongezeka, mazungumzo ya wahusika wawili yanaanza kufanana. Kwa kawaida msomaji mwenyewe anahisi yuko sawa. Hapo kinachofaa ni maji ya uvuguvugu na dakika kumi za kimya; kahawa na chai ya maziwa hazisaidii, kwani huacha mdomo mkavu au wenye utando, na sauti za kunata za ulimi huingia kwenye rekodi. Kipande cha tofaa huzipunguza. Tumbo tupu nalo hunguruma, na maikrofoni nzuri hulichukua. Nguo ziwe za pamba laini. Kitenge kipya chenye wanga na bangili huachwa nje.

Hesabu ya saa

Tunatoza kwa saa iliyokamilika, yaani saa moja ya kitabu kilicho tayari kusikilizwa. Ukilipa kwa siku, utamlipa zaidi msomaji anayekosea zaidi. Saa moja iliyokamilika huchukua takriban saa mbili za kurekodi kwa msomaji mzoefu na tatu kwa mgeni, saa mbili hadi tatu za kuhariri, zaidi ya saa moja ya kusikiliza tena muswada ukiwa mkononi, na muda wa masahihisho na kusawazisha sauti.

Ili kujua kitabu chako kitakuwa na saa ngapi, usitumie kipimo cha maneno 9,300 kwa saa kinachotajwa kwa vitabu vya Kiingereza. "Hatutawaambia" ni neno moja kwetu. Soma kwa sauti, kwa utulivu, dakika 10 za sura ya katikati, kisha hesabu maneno. Ukipata 1,100, mwendo wako ni maneno 6,600 kwa saa, na muswada wa maneno 46,000 utakuwa na takriban saa 7.

Faili za mwisho tunaziandaa kwa viwango vya ACX, jukwaa ambalo vitabu vya sauti hupitia kuuzwa Audible, hata kama kitabu kitauzwa kwingine, kwa kuwa viwango hivyo vimeandikwa wazi na vinapimika: wastani wa nguvu ya sauti (RMS) kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisichozidi -3, kelele ya chumba chini ya -60, MP3 ya kilobiti 192 au zaidi kwa sekunde, kasi ya sampuli ya kilohezi 44.1, kila sura faili yake, na faili isizidi dakika 120. Faili za namna hiyo huchukua megabaiti 86 hivi kwa saa. Kwa wanunuzi wanaopakua kwa bando la simu tunatoa pia toleo la kilobiti 64, ambalo ni megabaiti 29 kwa saa. Kitabu cha saa saba kinakuwa na megabaiti 200 tu, na sauti ya mtu mmoja bado ni safi.

Unapotaka kusoma kitabu chako mwenyewe

Kumbukumbu za maisha, mahubiri na vitabu vya ushauri mara nyingi hupendeza zaidi kwa sauti ya mwandishi. Riwaya yenye wahusika wengi ni jambo jingine. Tunafanya jaribio la kurasa tano, nusu masimulizi na nusu mazungumzo, na tunasema ukweli kuhusu tulichosikia. Mwandishi anayejisomea ndiye anayehitaji mwongozaji kuliko wote: anayakumbuka maneno yake kwa moyo, kwa hiyo hasomi yaliyoandikwa, anasema anayokumbuka.

Mkataba

Angalia kwanza kama haki ya toleo la sauti bado ni yako. Ikiwa kitabu kiliwahi kutolewa na mchapishaji, soma kifungu cha matoleo mengine kabla ya kutulipa chochote. Msomaji atie saini kwamba anakuachia haki ya kuuza rekodi, kwa muda gani na kwa malipo gani. Muziki uwe na kibali cha maandishi. Sekunde 10 hadi 15 mwanzoni na mwishoni zinatosha, na wimbo unaopendwa redioni si wako kuutumia bila idhini. Usajili wa kazi hufanyika katika ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Toleo la sauti lina ISBN yake, yaani nambari ya kukitambulisha kitabu, tofauti na ya kitabu cha karatasi.

Kuhusu masahihisho: kila mahali sauti inapotofautiana na muswada uliofungwa, tunarekebisha bila malipo. Sentensi ambayo mwandishi ameibadilisha baada ya kufunga muswada inalipiwa. Tuandikie orodha moja kwa sura nzima, yenye dakika na sekunde, maneno yaliyosikika na maneno yaliyopaswa kusomwa. Pamoja na MP3 utapokea faili za WAV ambazo hazijabanwa, megabaiti 476 hivi kwa saa kwa biti 24. Ziweke kwenye diski mbili tofauti. Duka jipya likija na masharti mengine, matoleo mapya yatatengenezwa kutoka kwenye hizo WAV, kwa sababu MP3 ikibanwa mara ya pili ubora wake hushuka.