Barua kwa Shaibu: bunduki ya .22 kwa mfuko mdogo

Ndugu yangu Shaibu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimecheka pale ulipoandika kwamba umesoma mpaka macho yanauma na bado hujui uchukue bunduki ipi ya .22 ya kulengea karatasi za shabaha. Utajuaje, na kila anayeandika anaisifu aliyo nayo? Mimi jibu langu ni hili: tafuta bunduki ya kukoki kwa mkono, ya kiwanda chenye jina, yenye mtutu mzuri na kitako cha kawaida tu, kisha pesa itakayobaki inunulie risasi za aina mbalimbali. Najua ulitarajia nikutajie bunduki moja. Nitazitaja, lakini kwanza tuzungumze risasi, maana humo ndimo shabaha inamopotelea.

Ichukue risasi moja ya .22 LR (Long Rifle, ndiyo risasi ya bunduki hizi) uitazame kwa karibu. Haina fataki, kile kidude cha kuwasha baruti, katikati ya kitako kama risasi za bunduki kubwa. Unga wa kuwashia moto umesambazwa ndani ya ukingo mwembamba wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Unga ukijaa upande mmoja na kupungua upande mwingine, moto hauwaki sawasawa, na kasi ya risasi inabadilika. Kichwa chenyewe ni cha madini laini, kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na unene wake ni sawa na wa ganda. Sehemu ya chini ndiyo iliyopunguzwa ili iingie ndani. Ukikiangusha sakafuni tu kinabonyea. Umbo hili ni la mwaka 1887, na mpaka leo halijabadilika sana.

Sasa, mwenye bunduki kubwa anaweza kujaza maganda yake mwenyewe, akapima baruti chembe kwa chembe mpaka aridhike. Wewe hilo huna. Kilichomo kwenye pakiti ndicho utakachopiga. Fanya hesabu hii uone: risasi ya kasi ya kawaida hutoka kwa mita 325 hivi kwa sekunde. Mbili zikipishana kwa mita 10 tu kwa sekunde, basi kwa umbali wa mita 50 moja itapiga chini ya mwenzake kwa milimita 7 hivi, na kwa mita 100 zitaachana karibu sentimita 3. Hapo mkono wako haujatikisika, upepo haujavuma, na mtutu hauna kosa lolote. Ndiyo maana nikisikia mtu ametumia pesa yake yote kwenye bunduki, halafu anailisha risasi za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa ndoo, namhurumia.

Achana pia na zile zenye maneno ya kasi kubwa kwenye pakiti. Zinatoka zikiwa mbele ya kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde, kisha njiani zinapungua na kuvuka mpaka huo kurudi chini, na kwenye kuvuka huko hutikiswa. Kwa wawindaji zina kazi yake. Kwa karatasi, chukua za kasi ya kawaida. CCI Standard Velocity ni mwanzo mzuri wa bei nafuu, SK Standard Plus ya Ujerumani ni hatua moja juu, na Lapua Center-X au Eley za mashindano ni za kuonja mara mojamoja ili ujue bunduki yako ina uwezo gani hasa. Nunua pakiti moja moja za kila aina kabla hujanunua katoni. Bunduki mbili za aina ile ile, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kabisa kutofautiana: moja ikapenda SK na kuikataa Eley, nyingine ikafanya kinyume. Hakuna anayeweza kukuambia yako itapenda nini, hata aliyeitengeneza.

Haya, bunduki. Uliniuliza kuhusu Ruger 10/22. Ni bunduki nzuri, ipo tangu 1964, vipuri vyake vimejaa kila mahali, na kuipiga kuna raha yake. Lakini inajipakia yenyewe, na ili isikwame, chemba yake ya kiwandani, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, ina nafasi kidogo ya ziada. Wanaotaka ipige tundu moja juu ya jingine hubadilisha mtutu, hubadilisha kifyatulio, mara hubadilisha na kitako, na wakimaliza wamelipa bunduki mbili. Ya kukoki kwa mkono inaanzia mbele. Hakuna chuma kinachokimbia nyuma risasi ikitoka, chemba inaweza kubana zaidi, na mpigaji analazimika kutulia kati ya risasi na risasi, jambo ambalo kwako wewe, nikikujua, ni faida tupu.

Kwenye kundi hilo la kukoki, moyo wangu uko kwa CZ 457. Inatoka Jamhuri ya Cheki, ndiyo iliyochukua nafasi ya 455, na kabla yake kulikuwa na 452 ambayo wengi bado hawataki kuiachia. Kifyatulio chake kinarekebishika, mtutu wake unaweza kuufungua na kuweka mwingine bila kwenda kwa fundi, na mkono wa bolti, kile chuma unachokivuta kukoki, unainuka nyuzi 60 tu, kwa hiyo haugongi darubini. Ipo yenye chemba ya mashindano, inayoitwa MTR, lakini hata ile ya kawaida yenye mtutu mnene itakuzidi uwezo kwa muda mrefu. Jirani yake ni Tikka T1x ya Finland: bolti inateleza vizuri mno na mtutu wake unasifika, na sidhani kama kuna mtu angeweza kukulaumu ukiichagua. Mara nyingi uamuzi kati ya hizi mbili hufanywa na kipi kimo dukani siku hiyo.

Kama mfuko haufiki huko, Savage Mark II. Kitako chake cha plastiki kinapinda ukikibana, magazini yake wakati mwingine inataka kubembelezwa, na uso wake si wa kuweka sebuleni. Ila mtutu! Wanaoicheka hunyamaza wakiona karatasi. Kifyatulio chao cha AccuTrigger unakirekebisha mwenyewe nyumbani. Ruger American Rimfire nayo imo kwenye daraja hilo, na inatumia magazini zile zile za 10/22, jambo linalopunguza gharama kwa aliye nazo. Anschütz, ile ya mashindano ya Ujerumani, usiiguse. Namaanisha hata kuishika dukani usiishike, maana ukishavuta kifyatulio chake hakuna kingine kitakachokuridhisha, na bei yake si ya watu kama sisi.

Urefu wa mtutu usikusumbue. Baruti ya risasi hii ni chache, inamaliza kazi yake ndani ya sentimita 40 hadi 45, na baada ya hapo mtutu mrefu hauongezi chochote ila uzito mbele. Kuna wanaoupenda uzito huo wakipiga wamesimama, ni sawa. Kinachohesabika zaidi ni mdomo wa mtutu, pale risasi inapoagana na chuma. Mikwaruzo ya hapo huharibu shabaha kuliko kutu ya nje inayowatisha wanunuzi.

Kwa hiyo usiogope iliyotumika. Risasi laini na baruti chache haziui mtutu upesi. Nyingi zilizokufa zimeuawa na fimbo ya kusafishia iliyoingizwa kwa pupa kupitia mdomoni. Ukienda kuangalia, hakikisha kwanza haina risasi, toa bolti, kisha mulika mdomo wa mtutu kwa tochi huku ukiuzungusha. Ukingo uwe mkali na sawa pande zote. Halafu tazama mdomo wa chemba upande wa nyuma: ukikuta alama ndogo ya kubonyea, hiyo ni pini imegonga chuma mara nyingi bila risasi ndani, na ganda linaweza kukwama hapo. Kisha omba ruhusa upitishe kitambaa chenye mafuta, kilichobana, kwa fimbo kutokea nyuma, polepole. Sikiliza kwa vidole. Mtutu mzuri hushika kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, au hubana kidogo zaidi karibu na mdomo. Ukihisi fimbo imelegea ghafla katikati, mshukuru mwenye mali na uage. Tazama pia skrubu za kitako. Vichwa vyake vikiwa vimeliwaliwa, kuna fundi wa jioni alishapita humo.

Kifyatulio usikikadirie kwa macho. Kinapaswa kukatika pale pale kila mara, kama kijiti kikavu, bila kuburuza. Kikiwa cha kilo moja hivi na kinakatika safi, kinatosha kabisa. Chepesi mno hakimsaidii anayeanza, na mikononi mwa mwenye haraka ni hatari.

Darubini ndiyo inayoharibu bajeti za wengi. Usichukue iliyotengenezwa kwa bunduki kubwa bila kuuliza imewekewa umbali gani. Nyingi kati ya hizo zimerekebishwa kwa mita 90 na zaidi, na kwa mita 50 au 25 ile alama ya msalaba itaonekana kusogea juu ya shabaha kila jicho likihama kidogo. Tafuta ile ya .22 iliyowekwa mita 45 hivi, au bora zaidi ile yenye gurudumu la kurekebisha umbali. Ukubwa wa mara 9 unatosha. Na vishikio vyake, tafadhali, visiwe vya kubahatisha; hapo rahisi hugeuka ghali, kwa sababu utalaumu mtutu, utalaumu risasi, kumbe darubini inacheza.

Ukishaileta nyumbani, kaza skrubu za kitako kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, na ukiandike mahali. Zikilegea au zikipishana, matundu yanatawanyika na hutajua kwa nini. Kisha nenda uwanjani, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, shabaha mita 50, upepo ukiwa umelala. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma toka ubavuni utaisogeza risasi hii sentimita 10 au zaidi ukiwa mita 100, kwa hiyo usijipime saa nane mchana bendera zikipepea. Ukibadilisha aina ya risasi, piga kumi au zaidi za kuchafulia mtutu kabla ya kuanza kuhesabu, kwa sababu kila kiwanda kina nta na mafuta yake, na mtutu unataka kuzoea. Na usipime kwa risasi tatu. Tatu zinaweza kuangukia tundu moja kwa bahati tu, ndizo hizo watu wanazopiga picha. Piga makundi matano ya risasi tano tano, uchukue wastani, na lile baya zaidi lihesabiwe kama mengine.

Utegemee nini? Bunduki ya kiwandani ya daraja nililokutajia, ikishapata risasi inayoipenda, iweke tano ndani ya milimita 15 kwa mita 50, na siku njema iende chini ya hapo. Ili ujue hicho ni kitu gani: kwenye shabaha ya Olimpiki ya mita 50, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi yenyewe ni 5.6. Ikikutawanyia sentimita 4 kwa kila aina ya risasi uliyoijaribu, rudi kwenye skrubu na vishikio vya darubini kabla hujazungumzia kuiuza.

Kusafisha, fanya kwa kiasi. Kitambaa cha mafuta kutokea nyuma, chemba iwe safi, basi. Na kabla ya yote haya, kibali chako kiwe mkononi, kabati la kufunga kwa ufunguo liwe tayari, na nyuma ya shabaha kuwe na kifusi cha udongo. Watu huiita .22 kitoto, lakini risasi hii inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga maji au jiwe hujui itaelekea wapi. Miwani na vizuizi vya masikio vaa hata ukiwa peke yako.

Niandikie ukishaamua. Na ukishapiga, nitumie karatasi zote tano za kila aina ya risasi, ukiandika pembeni jina la risasi na umbali. Zote, Shaibu, si ile moja nzuri.

Wako,
Mbaruku