Binamu, ulitoka kwenye grupu kabla sijamaliza kuandika

Binamu, shikamoo. Najua hii utaiona hata kama umeniblok, lazima kuna mtu atakutumia, familia yetu si unaijua.

Ile siku umetoka kwenye grupu mimi nlikuwa bado naandika, nabonyeza kutuma naona wewe haupo, nikabaki na meseji yangu ndefu kama mtu aliyekimbilia basi likamwacha. Basi naimalizia hapa hadharani, maana na wewe ulisemea mbele ya watu wote.

Ulisema watu wa dini mbili ni mafuta na maji, na kama binti wa dada anaolewa upande ule basi wewe tusikuhesabu. Alafu ukaongeza kwamba kote duniani wanakopigana ni kwa sababu watu walichanganywa. La harusi ntalirudia. Hili la kuchanganywa ndo limenikalia kichwani wiki nzima.

Kwani kama kuchanganyika ndo tatizo, wanaofanana si wangekuwa wanalala milango wazi? Somalia karibu wote lugha moja, dini moja, na 1991 serikali ilipoanguka wakagawanyika kwa koo. Rwanda walikuwa wanaongea Kinyarwanda wote, wanasali makanisa yaleyale, wanaishi kilima kimoja jirani kwa jirani na wengine wameoana kabisa. Wabelgiji waliokuwa wanawatawala miaka ya 1930 wakagawa vitambulisho vyenye kabila, mtoto anarithi la baba yake, na 1994 kile kitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani ndo kikawa kinaamua nani apite na nani auawe. Sikatai kwamba majina ya Mhutu na Mtutsi yalikuwepo kabla ya hiyo karatasi, ila karatasi iliyagandisha, na mtu akishagandishwa hivyo hata aoe upande wa pili anabaki palepale alipoandikwa.

Yaani binadamu hahitaji hata sababu ya maana. Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye ndugu zake karibu wote waliuawa na Manazi, alikuja kuwa profesa Bristol kule Uingereza, akachukua vijana wa shule wa miaka 14 na 15 akawaonyesha nukta wakisie ziko ngapi, kisha akawaambia nyie mnakisia juu, nyie mnakisia chini. Uongo mtupu, aliwapanga kiholela tu. Na bado walipoambiwa wagawie wenzao hela wakapendelea "wa kwao", watu ambao hata hawajui ni nani.

Sasa hapo utasema si ndo nilichosema, watu hawapatani. Subiri.

Angalia Uswisi. Lugha za taifa nne, Wakatoliki na Waprotestanti wameshapigana mara kibao, na Novemba 1847 wakaingia tena vitani wenyewe kwa wenyewe. Vita ikaisha ndani ya mwezi, waliokufa wanahesabiwa kama mia hivi, na mwaka uliofuata wakaandika katiba pamoja. Zipo sababu nyingi, moja ni kwamba jenerali wao Dufour aliwakataza askari wake kufanya unyama, ila mimi iliyonishika ni hii: mistari inayowagawa, ule wa dini na ule wa lugha, haikupita mahali pamoja. Wakati ule jimbo la Lucerne walikuwa wanaongea Kijerumani na ni Wakatoliki, jimbo la Zurich Kijerumani ila Waprotestanti. Fribourg wengi walikuwa wanaongea Kifaransa na ni Wakatoliki, jirani zao Vaud lugha hiyohiyo ila Waprotestanti. Kwa hiyo leo unagombana na mtu kwa dini, kesho kwenye suala la lugha huyohuyo ndo yuko upande wako. Utamchukiaje mpaka mwisho mtu ambaye utamhitaji kesho?

Shida inakuja mistari ikilaliana. Dini yako ndo chama chako, ndo mtaa wako, ndo shule ya wanao, ndo kazi utakayopata. Belfast, kule Ireland ya Kaskazini, ukuta wa kwanza wa kuwatenga Wakatoliki na Waprotestanti ulijengwa 1969 uwe wa muda tu, na mpaka leo kuna kuta bado zimesimama, miaka mingi baada ya mkataba wa amani wa 1998, na watoto wengi bado wanasoma shule tofauti. Pale ugomvi mdogo wa watu wawili hauna pa kuishia, unapanda moja kwa moja unakuwa wa jamii nzima.

Na wewe binamu, samahani, lakini maisha yako yamejaa mistari inayokatana. Timu yenu ya mpira ya Jumapili, mshambuliaji wenu ni wa upande ule. Miaka yote nawasikia mnagombana, mnagombania penalti! Sijawahi kusikia mnagombania Mungu. Akikosa goli unamtukana kama unavyomtukana mdogo wako, akifunga unambeba. Hayo mafuta na maji Jumapili yanaenda wapi?

Ntakupa haki yako pia. Kukutanisha watu peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia mmoja, Muzafer Sherif, mwaka 1954 alipeleka wavulana 22 kambini Oklahoma, akawagawa makundi mawili, akawashindanisha mpaka wakachomeana bendera. Alipojaribu kuwalisha pamoja wapatane wakarushiana chakula. Kilichowalainisha ni kazi: maji ya kambi yalikatika, lori likagoma kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba. Lakini wengi hawasimulii kambi yake ya mwaka mmoja kabla, ile ilimfeli, alishindwa kuwagombanisha, kwa sababu wale watoto walikuwa wameshafanya urafiki kabla hajawagawa. Mimi hiyo iliyofeli ndo naipenda zaidi.

Na kuna jambo lingine linaniudhi, ngoja nitoe dukuduku. Hili neno "tuishi kwa amani" mara nyingi linasemwa na aliyekaa juu kumwambia aliye chini anyamaze. Mtu ananyimwa kazi kwa jina lake, akilalamika anaambiwa analeta ubaguzi. Huko sio kuishi pamoja, ni mmoja kumkanyaga mwenzake bila kelele. Na tukienda mbali zaidi, tofauti ambayo kwenye grupu hatuthubutu kuitaja ni hela. Wewe unamkataa mchumba kwa dini, lakini angekuwa na pesa ya kutosha, binamu tusidanganyane, kuna wajomba wangekuwa wameshampigia simu kumuuliza hali.

Sasa harusi. Sikuombi uipende dini yao, wala sikuombi ufurahi. Watakuwa na kazi ngumu wale wawili, watoto walelewe vipi, sikukuu waende kwa nani, na wewe ungekuwa mtu mzuri wa kuwauliza hayo maswali uso kwa uso kuliko kuyaandika kwa herufi kubwa saa sita usiku. Alafu kuna kitu ulikuwa hujui kwa sababu ulitoka mapema: yule kijana kumbe ni kipa. Nyie kipa wenu si ameumia goti?

Grupu bado lipo. Admini siku hizi ni mimi, ukiwa tayari nitumie hata nukta tu nakuongeza.